Mpaka Uliokuwa Mikumi

Vitabu vya jiografia husema mpaka uko Tunduma, au Namanga. Kwa sisi wa Wilaya ya Kilosa, mwaka 2020 mpaka ulikuwa Mikumi. Barabara ya TANZAM hupita pale, yapata kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na madereva wa malori ya Zambia na Kongo hushuka kula na kulala. Dereva aliyekuja kupimwa korona Tunduma alikuwa amekwisha kula Mikumi na kupokea chenji mkononi, zaidi ya kilomita 600 nyuma.

Na alipimwa nini? Kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso huonyesha homa tu. Aliyeambukizwa juzi huenda hana homa bado, na wengine hawaipati kabisa. Kipimo chenyewe kilikuwa cha puani, cha kupelekwa maabara, na kusubiri majibu kulimaanisha kulala kwenye foleni pamoja na wenzake. Karantini za zamani, kama ile ya kisiwa cha Changuu huko Zanzibar, ziliwatenga wasafiri. Foleni hii iliwakusanya.

Tarehe 9 Mei Zambia ilitangaza maambukizi mapya 85, na 76 kati yake yalikuwa Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma. Mpaka ukafungwa kwa siku chache. Tarehe 16 Mei Kenya nayo ikafunga wake na sisi, isipokuwa kwa mizigo, na madereva wapimwe.

Watu wengi walilaumu majirani. Mimi sikuona hivyo. Takwimu za kitaifa zilikuwa zimekoma tarehe 29 Aprili kwenye wagonjwa 480, na tarehe 3 Mei Rais Magufuli alitilia shaka maabara yetu wenyewe, akitaja sampuli za mbuzi na papai. Jirani asiyeambiwa hali ya nyumba atamchunguza kila atokaye mlangoni.

Huko Namanga, madereva waliotangazwa na Kenya kuwa na virusi walipimwa tena upande wetu, ikaelezwa hawana. Katika mitihani, wasahihishaji wawili wakipishana sana huitwa wa tatu. Pale wa tatu hakuwepo, na karatasi iliyogombaniwa ilikuwa mtu mwenye njaa.

Baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha cheti cha kielektroniki kwa madereva. Mama lishe wa Mikumi hakuwa na mtambo wa kukisoma. Alikuwa na ndoo ya maji yenye koki, na kipande cha sabuni.