Bugolobi: Kahawa, Wageni na Bonde la Nakivubo

Anayetaka kujua Uganda ilijifunzaje kuiuzia dunia bidhaa zake asianze na mabango ya gorila. Aanze Bugolobi, kwenye mitambo na maghala ya iliyokuwa Bodi ya Masoko ya Kahawa. Kitongoji hiki kipo kati ya Nakawa na Luzira, kando ya barabara iendayo Port Bell, bandari iliyopewa jina la gavana Hesketh Bell. Kabla reli kuu haijafika Kampala mwaka 1931, bandari hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa mji: shehena na wageni walivuka Ziwa Victoria kwa meli kutoka Kisumu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 hata ndege za majini za Imperial Airways, zikiwa safarini kati ya Southampton na Durban, zilitua hapo. Wapita njia na mizigo ya kwenda ng'ambo si jambo geni Bugolobi. Nionavyo mimi, kahawa iliacha hapa somo ambalo biashara ya wageni bado haijalisoma: soko la nje halidumu pale anayelizalishia anapokuwa wa mwisho kukumbukwa.

Kahawa ya robusta iliwasili ikiwa tayari imekobolewa kutoka kiboko, yaani tunda lililokaushwa na ganda lake. Hapo Bugolobi ikachekechwa na kupangwa kwa ukubwa wa punje, skrini ya 18, ya 15, ya 12, ikatiwa magunia kungojea safari ya Mombasa. Kama utaalamu wa masoko ni kujua mnunuzi wa Ulaya anataka punje gani, Bodi ilikuwa nao. Bei ya mkulima, hata hivyo, ilipangwa na serikali. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 na bei ya dunia ikapaa, sehemu kubwa ya neema hiyo haikumfikia mkulima wa Uganda. Kahawa ikatafuta njia yake kwa magendo, na Chepkube, upande wa Kenya, pakavuma. Katika miaka ya 1980 zao hili liliipatia nchi zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya mauzo ya nje, ilhali wakulima walilalamikia malipo yanayochelewa. Mwaka 1990 na 1991 ukiritimba wa Bodi ukavunjwa, na Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa ikaundwa.

Wapo watakaosema tatizo lilikuwa Idi Amin na vita, na kwamba bodi yoyote ingeanguka katika mazingira yale. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mkulima aliyebeba gunia usiku hadi mpakani hakuwa akiikimbia vita. Alikuwa akiifuata bei. Tena serikali mpya ilipoingia mwaka 1986, muundo wa zamani uliendelea kwa miaka kadhaa na malalamiko yakabaki palepale.

Utalii nao ulipanda na kushuka. Mwaka 1971 Uganda ilipokea wageni zaidi ya 85,000, na sekta hiyo ikawa ya tatu kwa kuingiza fedha za kigeni, nyuma ya kahawa na pamba. Baada ya hapo yakaja mauaji, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, na hoteli zilizochakaa. Ufufuo ulitoka msituni: Bwindi ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na wageni wakaanza kupelekwa kuona gorila mwaka 1993. Sheria ya wanyamapori ya 1996 ikaweka kanuni ambayo kahawa haikuwahi kuipata: asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi iende kwa jamii zinazopakana nayo. Kanuni hiyo ina kasoro, kwani fedha nyingi za Bwindi hutoka kwenye vibali vya gorila na si kwenye kiingilio. Hata hivyo inakiri kwamba jirani wa hifadhi anabeba gharama.

Mwaka uliofuata, 1997, Chuo cha Taifa cha Masomo ya Biashara kilichokuwa Nakawa kiliunganishwa na Kitivo cha Biashara cha Makerere. Ndipo kikazaliwa Chuo cha Biashara cha Makerere, ambacho hadi leo kinafundisha masoko na uendeshaji wa hoteli kando ya Barabara ya Port Bell, mlangoni mwa Bugolobi. Utalii endelevu unapotajwa nchini, akili hukimbilia Bwindi, umbali wa siku nzima kwa gari. Lakini Bonde la Nakivubo lipo karibu tu na chuo hicho.

Bonde hilo ndilo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji machafu ya katikati ya mji, hupita karibu na mitambo ya majitaka ya Bugolobi, kisha humwaga yote kwenye kinamasi kabla ya kufika Ghuba ya Murchison. Kilomita chache kutoka hapo, Ggaba, ndipo maji ya kunywa ya Kampala yanapovutwa. Mafunjo ya kinamasi hunyonya uchafu ambao mitambo haikuumaliza. Mwaka 1999 wachumi wakiongozwa na Lucy Emerton walikadiria kwamba kazi hiyo ya kusafisha ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Huo ulikuwa utafiti wa biashara kwa maana yake kamili, maana uliuliza nani angelipa bili endapo kinamasi kingekauka. Tangu hapo bonde limeendelea kumegwa kwa viwanda, nyumba na mashamba ya magimbi, ambayo Waganda huyaita mayuni. Mitambo mipya ya majitaka imejengwa Bugolobi ikiwa na uwezo wa lita milioni 45 kwa siku, na chanzo kingine cha maji kimetafutwa Katosi, mbali na ghuba. Miradi hiyo ilihitajika, nami siibezi. Ila bei yake inaonyesha ni kazi gani kinamasi kilikuwa kikiifanya bila malipo.

Mwenye hoteli anaweza kujibu kwamba maji ni kazi ya shirika la maji, vinamasi ni vya mamlaka ya mazingira, na yeye anauza vitanda. Anaweza kuongeza kwamba watalii hawaji kwa ajili ya Kampala, bali hulala usiku mmoja na kuondoka. Jibu hilo linasahau wateja wake wengi: wafanyabiashara kutoka Kenya, Rwanda na Kongo, wajumbe wa mikutano, Waganda wa ughaibuni waliorudi kwa harusi. Hao hukaa mjini, na hakuna hoteli inayokwenda bila maji safi ya kuoshea shuka na kupikia. Bonde ni sehemu ya bidhaa yake, kama shamba la robusta lilivyokuwa sehemu ya gunia lililotoka Bugolobi.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Tozo kwa wageni zimeshakuwa nyingi, na Kigali na Nairobi ziko karibu. Hapo nakubali kwamba kuongeza nyingine ni kumfukuza mteja. Lakini kodi ya hoteli ya serikali za mitaa ipo tangu 2008, na hutozwa kwa kila chumba kwa kila usiku. Sehemu yake ingeweza kutengwa kwa ajili ya Nakivubo, kwa mantiki ileile ya asilimia 20 ya hifadhi: fidia kwa mkulima wa mayuni anayeombwa aache mafunjo yasimame, na uzoaji wa taka kwa mitaa ya chini inayofurika mvua ikinyesha. Ni hesabu ambayo wanafunzi wa masoko wa Nakawa wangeweza kuifanya kwa kutembea tu kutoka darasani hadi mferejini, wakiwa na orodha ya vyumba vya mji mkononi.