Hadhari na Amana: Historia ya Jumuiya za Bonde la Kyela

Msafiri ashukaye kutoka Tukuyu kuelekea Ziwa Nyasa huiacha nyuma yake milima ya Rungwe pamoja na mashamba yake ya chai, akaingia katika bonde tambarare la Kyela, lililo kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, nchi ya mpunga, migomba na kakao, ambayo Makwale ni mojawapo ya kata zake. Mvua ya huko hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na aghalabu kati ya Machi na Mei mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, ikaleta mboji ya milimani kwa mkono mmoja na kuzoa mashamba na nyumba kwa mkono wa pili. Songwe wenyewe, ambao ndio mpaka wa Tanzania na Malawi, umezoea kuuhama mkondo wake, hata serikali za nchi mbili hizo zikalazimika mwaka 2017 kutiliana saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo.

Watu waishio juu ya ardhi yenye tabia kama hiyo hawana budi kujiuliza mapema ni kipi kitakachobaki baada ya msiba, na nani atakayeshika dhamana ya kukihifadhi. Historia ya jumuiya zao, tangu enzi za wakuu wa jadi hadi vyama vya ushirika vya leo, ni historia ya majibu ya swali hilo. Nami nasadiki kwamba kila mara walipoigawa amana mikononi mwa wengi, wakaweka zamu ya kupokezana uongozi na haki ya kumhoji aliyeshika, jumuiya ilidumu, na kila mara mambo yote yalipokusanywa katika mkono mmoja, hata ukiwa mkono wenye nia njema, jumuiya ilianguka.

Wanyakyusa wa zamani, wenyeji wa bonde hili, walikuwa na utaratibu wa maskani uliowastaajabisha wataalamu wa elimu ya jamii. Godfrey Wilson na mkewe Monica, walioishi kwao kati ya 1934 na 1938, waliueleza kwa mapana, na kitabu cha Monica Wilson juu ya vijiji vya marika kilichapishwa mwaka 1951. Wavulana wa umri wa miaka kumi au kumi na mmoja walijenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji cha baba zao, wakawa wanakula kwa mama zao na kulala pamoja na wenzao wa rika. Na walipokua na kuoa, vibanda vile vikawa kijiji kamili chenye wake, watoto na ng'ombe. Mara moja katika kila kizazi, yaani kila baada ya miaka thelathini hivi, ilifanywa sherehe kuu iliyoitwa ubusoka, ambapo wazee waliwakabidhi wana wao utawala na ardhi, nchi ikagawanywa baina ya wana wawili wakubwa wa mkuu, moto wa zamani ukazimwa majumbani na moto mpya ukapekechwa.

Aitazamaye sherehe hiyo kwa jicho la mtawala wa shirika ataona ndani yake hekima kubwa. Kwanza, jambo ambalo huviua vyama vingi, yaani kiongozi asiyetaka kutoka, lilikuwa limepangiwa dawa kabla ya ugonjwa kuingia, kwa kuwa kila mtu alijua tangu ujana wake kwamba zamu itafika. Pili, malafyale, yaani mkuu wa nchi, hakutawala peke yake: kando yake walikuwapo amafumu, viongozi wa vijiji ambao hawakutoka katika ukoo wake, waliochaguliwa na viongozi wa kizazi kilichokuwa kikiondoka, na ambao hawakurithi cheo kutoka kwa baba zao. Iliaminiwa kwamba pumzi ya watu waliodhulumiwa yaweza kumpata mkuu dhalimu kwa maradhi, na imani hiyo, mtu aionavyo na aione, ilikuwa lijamu juu ya wenye nguvu. Nakisi zake nazo zilikuwapo, maana wanawake hawakuwa na sauti katika baraza hizo, na kuigawa nchi kila kizazi kulihitaji ardhi isiyokwisha.

Utaratibu huo ulidhoofishwa na mambo mawili. La kwanza ni sheria ya Kiingereza ya mwaka 1926 juu ya tawala za wenyeji, ambayo iliwatambua wakuu wachache miongoni mwa wengi na kuwalipa mshahara, hata mkuu akawa na hesabu ya kutoa kwa bwana wa wilaya zaidi kuliko kwa amafumu wake. La pili ni fedha. Vijana wa bonde walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, huko Chunya, na wengine wakavuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wakarudi na mali ambayo haikungoja sherehe ya wazee; na mpunga, uliokuwa chakula, ukawa bidhaa ya soko. Nyumba moja iliyokuwa na migomba uani, mpunga bondeni na kijana mgodini ilikuwa imeigawa hatari yake pahala patatu, na hiyo ilikuwa hadhari njema. Lakini hakukuwa tena na jumuiya iliyosimama baina ya mkulima na mfanyabiashara mwenye mizani.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na ushirika. Fikra yenyewe ilikuwa na umri tayari, kwani wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walianzisha duka lao mwaka 1844 kwa kanuni ya mwanachama mmoja kura moja. Na hapa kwetu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925, sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa mwaka 1932, na chama chao kikuu, KNCU, kikaandikishwa mwaka uliofuata. Baada ya Vita Kuu ya Pili vuguvugu hilo lilifika Rungwe, ambayo kwa wakati ule iliijumuisha Kyela, likawakusanya wenye kahawa wa milimani na wenye mpunga wa bondeni. Mkulima aliyezoea kupokea bei ya kutupiwa alipata chama chenye karani wa mizani, daftari, bodi ya kuchaguliwa na mkutano mkuu wa kila mwaka, na ndani ya mkutano huo haki ya kumwuliza mweka hazina fedha zimekwenda wapi.

Baada ya uhuru vyama viliongezeka upesi kuliko maarifa ya kuviendesha. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963, lakini wahasibu hawazaliwi kwa msimu mmoja, na kamati maalumu ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilikuta uhaba wa watendaji wenye ujuzi, wanachama wasiojua mambo ya chama chao, mikono ya siasa ndani ya maamuzi ya biashara, na wizi. Dawa iliyohitajika ilikuwa mafunzo na ukaguzi. Badala yake, mwaka 1973 Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilifanywa mnunuzi pekee wa nafaka, na Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa kwa amri, kazi zake zikagawanywa baina ya vijiji na mashirika ya mazao.

Kusudi lilikuwa kumwondolea mkulima mzigo wa watu wa kati, wala sina haki ya kuitilia shaka nia hiyo. Lakini tazama hatari ilipokwenda: mpunga wa bonde zima ulimtegemea mnunuzi mmoja, mnunuzi yule alitegemea mkopo wa benki, na benki iliitegemea hazina ya Serikali, basi NMC ilipolemewa na madeni, malipo yalichelewa na mkulima hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Ndiyo maana Sheria ya mwaka 1982 iliurejesha ushirika, pamoja na shirika la kuukagua, COASCO, na vyama vikuu vikaamka tena mwaka 1984. Ila vilirithi watendaji waliotawanyika, majengo yaliyochakaa na wanachama waliovunjika moyo, na soko huria la miaka ya 1990 likavikuta bado havijasimama sawasawa.

Katika miaka hiyo kakao ilishika nafasi kubwa zaidi mashambani. Mti huu hupenda kivuli, kwa hiyo hukaa vizuri pamoja na migomba, nao humpa mwenyewe fedha katika miezi ambayo mpunga haujaiva. Lakini huja na hatari zake. Mbegu zikitolewa katika tunda huvundikwa siku tano hadi saba, kisha huanikwa juani mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 7 au 8, na katika nchi ya mvua nyingi kama Kyela, uanikaji wa haraka au wa uvivu huzaa ukungu unaoharibu gunia zima. Hatari kubwa kuliko ukungu ni dhiki, ambayo humfanya mkulima auze zao lingali mtini kwa bei ya aibu, biashara ambayo wenzetu wa Kagera huiita butura.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, kuanza kutumika katika korosho ya Mtwara msimu wa 2007/08, na kufikishwa kwenye kakao ya Kyela na Rungwe mwishoni mwa miaka ya 2010, ulikusudiwa kuziba mlango wa biashara hiyo. Mkulima hupeleka kakao yake katika chama cha msingi, yaani AMCOS. Hupimwa, hukusanywa ghalani, mtunza ghala hutoa stakabadhi, na wanunuzi hushindana katika mnada. Uzuri wa mpango huu umo katika kugawanywa kwa amana: apimaye siye atunzaye, atunzaye siye auzaye, na auzaye hana ruhusa ya kukubali bei pasipo wakulima. Dosari yake ni kwamba mwenye njaa hawezi kungoja mnada, hivyo chama kisichokuwa na akiba ya kumkopesha mwanachama wake mwezi wa dhiki kimemwachia mchuuzi nusu ya kazi.

Ulimwenguni mambo haya sasa yana vitabu na viwango. Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa mwaka 2009 mwongozo wake juu ya kuzitawala hatari, ISO 31000, likausahihisha mwaka 2018, na kiini chake ni kwamba kuikadiri hatari kuwe ndani ya kila uamuzi wa shirika, tangu kwenye bodi hadi kwenye mizani, wala kusiwe kazi ya ofisi moja iliyotengwa. Sheria yetu ya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na ukomo wa madeni wa chama hupitishwa na mkutano mkuu kisha huidhinishwa na mrajisi. Na siku hizi daftari za vyama huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao MUVU. Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma. Hivi vyote ni vyombo vyema, lakini chombo hakijui kusema kweli ikiwa aliyekijaza hakusema kweli.

Mtihani wa vyombo hivyo umekwisha kuja. Mavuno ya Ghana na Côte d'Ivoire yalipopungua, bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani mwezi Machi 2024, ikapanda zaidi Desemba, kisha ikashuka sana mwaka 2025. Tena Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayokataza kakao na kahawa zilizolimwa katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na kumdai muuzaji athibitishe shamba lilipo kwa vipimo vya ramani. Chama chenye orodha sahihi ya wakulima na mipaka ya mashamba yao kitauza. Kile kilichoandika majina ya kubuni kitashindwa mlangoni, na hasara itawaangukia watu wasiokuwa na kosa.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa vyama vya Makwale, Ipinda, Matema na bonde zima wasimwachie hatari hizi mkaguzi ajaye mwisho wa mwaka. Sehemu ya bei njema iwekwe akiba kwa mwaka wa bei mbaya, na kiasi chake kisomwe mbele ya mkutano mkuu. Ghala lijengwe juu ya ardhi ambayo mafuriko hayakuifikia katika kumbukumbu ya wazee. Muhula wa uongozi uheshimiwe, na kijana, wa kike na wa kiume, afundishwe hesabu za chama kabla ya kukabidhiwa. Taarifa ya COASCO isomwe kwa lugha inayoeleweka, hata ikiwa inamhukumu aliyeishika. Mkulima naye ahudhurie mkutano na kuuliza, maana chama ambacho wenyewe hawakiulizi kimekwisha kuwa mali ya mtu mwingine, na bonde hili limelipa gharama ya kosa hilo mara moja tayari.