Gari la waya

Gari la waya ni chombo cha kuchezea ambacho watoto hujiundia wenyewe kwa waya, makopo, ndala chakavu na vizibo vya soda. Linajulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kusini. Nchini Malawi huitwa galimoto, jina lilelile la gari halisi, na ndilo jina la kitabu cha watoto cha Karen Lynn Williams kilichotoka 1990.

Fremu hukunjwa kwa waya mgumu, wa uzio au wa hanga, na viungo hufungwa kwa waya laini wa nondo au kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mwenye plaizi hakosi marafiki. Asiye nayo huupinda waya huku na huku mahali pamoja mpaka upate moto na kukatika wenyewe.

Magurudumu bora hutoka kwenye soli ya ndala, kwa sababu hushika ardhi. Mtoto huweka kifuniko cha kopo juu ya soli, hukizungushia wembe, kisha hutoboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Msumari huo hauchani soli, huiyeyusha, na ukingo wa tundu hukakamaa ukipoa. Tundu likienda pembeni hata kidogo, gari hudunda kama lenye tairi bovu.

Ugumu wenyewe uko kwenye kona. Tuseme magurudumu mawili ya ekseli moja yameachana sentimita 20. Gari likikata kona ya nyuzi 90, la nje husafiri kiasi cha sentimita 31 zaidi ya la ndani, kona iwe pana au finyu. Kwa gurudumu la kipenyo cha sentimita 5, hiyo ni mizunguko miwili kamili. Kwa hiyo magurudumu yakikazwa kwenye ekseli, moja litaburuzwa. Gari la kweli lina difu, inayoyaacha magurudumu hayo yazunguke kwa kasi tofauti. La waya huliachia kila gurudumu lizunguke peke yake, likizuiwa lisichomoke na ncha ya waya iliyokunjwa. Wengi hugundua hili baada ya gari la kwanza kugoma kukata kona.

Usukani ni duara la waya kwenye ufito unaofika kifuani mwa dereva, na chini umefungwa kwenye ekseli ya mbele. Dereva ndiye injini, na ndiye mlio wake pia. Lori refu hupinduka kirahisi, kwa hiyo hupakiwa mawe chini ya bodi.

William Kamkwamba wa Malawi, aliyezaliwa 1987, alikua akijiundia magari ya kuchezea. Mwaka 2002, wilayani Kasungu, alijenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, dinamo, feni ya trekta na mabomba ya plastiki aliyoyalainisha motoni na kuyabapa. Kikawasha taa nyumbani kwao. Mwaka 2007 aliieleza kazi hiyo jukwaani Arusha.

Gari likichakaa, waya wake hunyooshwa kwa jiwe ili kuundia jingine. Lakini kila mkunjo huzidi kuukakamaza. Waya uliokwisha kuwa basi, kisha Scania, kisha basi tena, hukatika mkononi, isipokuwa umechomwa kwanza kwenye makaa na kuachwa upoe polepole.