Ukiambiwa "Fancy a pint?" Uingereza, jua unaitwa kwenye nini

Wadau, hii ni kwa wanaohangaikia viza ya Uingereza na wale ambao tayari wako kule wanabeba maboksi. Kiingereza cha darasani hakikufundishi lugha ya baa, na wenzetu kule urafiki wa kazini mara nyingi unajengwa baa.

"Fancy a pint?" maana yake twende tukanywe. Painti ni mililita 568, yaani inaizidi chupa yetu ya nusu lita, na anayekuita mara nyingi hana mpango wa kuishia moja. Hata akisema "a swift half", nusu painti ya chapchap, usimwahidi mtu kuwa utarudi mapema.

Halafu kila pembe ina maneno yake. Glasgow utasikia "bevvy" na "swally", vyote ni ulabu. Fulani akiwa "steaming" kalewa chakari. Skotilandi pia wana "a half and a half", ambayo ni wiski kidogo na nusu painti ya bia pembeni, sasa wewe dhani ni robo! Newcastle mlevi ni "mortal", na "bottle of dog" si mbwa bali Newcastle Brown Ale, bia iliyoanza 1927. Inasemekana wanaume walikuwa wanaaga nyumbani eti wanamtembeza mbwa. London ya mashariki bia ni "pig's ear", kisa ear na beer vina vyake vinafanana, basi. Na mliozoea sinema za Kimarekani mwe makini: "pissed" kwa Mmarekani ni kukasirika, kwa Mwingereza ni kulewa.

Ila neno la kuliogopa ni "round". Bongo ukipewa ofa umepewa, hudaiwi. Kule round ni zamu, mmoja ananunulia meza nzima, kisha anafuata mwingine. Mko sita, andaa hela ya painti sita. Ukinywa za wenzio ukachomoka kabla ya zamu yako, Jumatatu kazini una jina jipya. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu, serikali ilipiga marufuku kumnunulia mwenzako pombe katika maeneo kadhaa, London ikiwemo. Vita ilipoisha marufuku ikaondolewa, raundi zikaendelea kama kawa.

Kama una ukapa, au dini yako hairuhusu, sema mapema kabla raundi ya kwanza haijaanza: "I'll get my own." Kisha kaa nao na soda yako, hakuna noma. Soda yenyewe uifuate kaunta na ulipie hapohapo, maana baa nyingi za kule mhudumu haji mezani kuchukua oda.