Chuma cha Gari na Jina la Gari: Ushahidi wa Kihistoria katika Uasin Gishu

Historia ya mji wa Eldoret aghalabu huanzishwa na msafara wa Makaburu wa mwaka 1908. Chini ya uongozi wa Jansen van Rensburg, familia hizo zilitoka Afrika ya Kusini kwa meli hadi Mombasa, zikasafiri kwa gari la moshi hadi Nakuru, kisha zikaingia nyanda za juu kwa magari makubwa ya mbao yaliyokokotwa na maksai. Farasi walikuwamo msafarani, lakini kazi yao hasa ilikuwa kupandwa. Mzigo ulikuwa wa maksai. Kwa hiyo pete ya gurudumu, bolti au mnyororo wa nira unapookotwa katika eneo hilo, ni rahisi kuunasibisha na msafara huo. Unasibishaji wa namna hii hauna budi kupimwa kwanza, kwa chuma chenyewe na kwa lugha.

Chuma husema mengi kuhusu kutengenezwa kwake. Chuma cha kufuliwa cha zamani huwa na nyuzinyuzi za mavi ya chuma ndani yake, nazo huonekana kinapovunjika au kinapoliwa na kutu. Pua laini haina nyuzi hizo. Njia ya Bessemer ya mwaka 1856 ndiyo iliyofungua mlango wa pua ya bei nafuu. Kwa hiyo pete ya gurudumu ya pua laini haielekei kuwa ya kabla ya wakati huo. Lakini kinyume chake si kweli, kwani chuma cha kufuliwa kiliendelea kutumiwa kwa miaka mingi baadaye.

Hesi za bolti nazo ni shahidi. Kipimo cha Whitworth, kilichopendekezwa Uingereza mwaka 1841, kina pembe ya digrii 55. Kile cha Sellers, cha Marekani, cha mwaka 1864, kina pembe ya digrii 60. Pembe hiyo yaweza kuonyesha bolti ilifuata desturi ya nchi gani. Hata hivyo, bolti ndicho kitu kinachobadilishwa kwa wepesi kuliko vyote katika gari. Huenda ikaeleza tarehe ya matengenezo ya mwisho, wala si ya kuundwa kwa gari. Vivyo hivyo, mbao za gurudumu hunywea wakati wa kiangazi, pete ikalegea, ikabidi ikatwe na kuungwa upya. Kiungo cha pili ni alama ya matumizi, si ya kuzaliwa.

Aidha, mwaka 1908 haukufunga mlango. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Kabla ya hapo mizigo ilipandishwa kwa magari ya maksai kutoka stesheni ya Londiani. Miaka hiyo 16 ilitosha kuacha vyuma vingi ambavyo havihusiani na msafara wa kwanza. Tena Wanandi walikuwa na wahunzi wao. Wakati wa upinzani wao wa miaka 1895 hadi 1905, bolti za reli na nyaya za simu zilichukuliwa na kufuliwa kuwa silaha na mapambo. Chuma katika nchi hii kilibadilika umbo na mwenyewe.

Hapa ndipo lugha inapotoa ushahidi wake. Makaburu waliliita gari lao kwa neno fupi, *wa*. Neno la Kinandi, *karit*, halitokani na hilo. Linatokana na *gari* la Kiswahili, ambalo nalo lina asili ya Kihindi: sauti /g/ imekuwa /k/, kwa kuwa Kinandi hakitofautishi maana kwa sauti hizo mbili, na kiambishi tamati cha nomino kimeongezwa. Kwa hiyo jina lilipitia kwa wasemaji wa Kiswahili. Reli ilikwisha kupita kandokando ya nchi ya Wanandi na kufika Kisumu mwaka 1901, miaka saba kabla ya msafara. Yamkini neno liliitangulia hata pete ya gurudumu. Tahadhari nyingine ni kwamba *gari* katika masimulizi ya wazee laweza kuwa la maksai, la moshi au la motokaa, hivyo mkusanyaji hana budi kuuliza ni gari la nini.

Ni dhahiri basi kwamba chuma na neno, kila kimoja hutoa mpaka wa wakati, si siku. Kuvitia vyote katika mwaka 1908 si kosa la tarehe tu. Ni kuanza historia pale ardhi ilipokabidhiwa walowezi, na kunyamazia mwaka 1905, Koitalel arap Samoei alipouawa na upinzani ukavunjwa. Ni kuwasahau pia walioswaga maksai, waliofua pete upya, na waliolipa gari jina ambalo Wanandi wanalitumia hadi leo.