Neno la Tatu la Berzelius

Ukitaka kuelewa habari za betri mpya za lithiamu na klorini, usianzie California. Anzia Uswidi ya zamani.

Mwaka 1774 huko Uppsala, mfamasia Carl Wilhelm Scheele alipasha moto asidi pamoja na madini meusi ya manganizi, akapata gesi ya manjano-kijani inayokaba koo. (Ndiyo hiyohiyo tunayoinusa kwenye maji ya bomba yaliyotiwa dawa.) Hakujua kwamba ameshika elementi. Humphry Davy wa London ndiye aliyelisema hilo mwaka 1810, akaiita klorini kwa jina la Kigiriki la rangi yake. Lithiamu ikafuata mwaka 1817: Johan August Arfwedson aliigundua ndani ya jiwe kutoka kisiwa cha Utö, akiwa maabara ya mwalimu wake jijini Stockholm, Jöns Jacob Berzelius. Jina lake maana yake ni jiwe tu.

Huyu Berzelius alikuwa mbishi kweli. Kwa miaka mingi alikataa kwamba klorini ni elementi. Kwake ilikuwa na oksijeni imejificha ndani. Alikuja kusalimu amri mnamo 1820 hivi. Halafu mwaka 1835 akatupa neno la tatu, katalisisi, akitafuta jina la nguvu ya kitu kinachobadilisha vingine bila chenyewe kuisha. Kwa Kigiriki ni kulegeza, kufungua. Sisi tukachagua kichocheo, kama mtu anayechochea moto. Nalipenda letu zaidi, lakini kwenye betri hii la Mgiriki ndilo linalogusa penyewe.

Kwa nini? Lithiamu ina haraka ya kutoa elektroni, klorini ina uroho wa kuipokea. Zikikutana umeme ni mwingi, na kinachobaki ni chumvi. Kazi ni kuifungua tena. Miaka ya 1960 General Motors walijaribu kwa chumvi iliyoyeyushwa, joto la zaidi ya nyuzi 600. Nani ataweka tanuri hilo ndani ya gari? Miaka ya 1970 ikaja betri ya lithiamu na kimiminika cha thionili kloridi, inayokaa ndani ya mita zaidi ya miaka kumi. Ila ikiisha, imeisha. Unatupa.

Agosti 2021, Guanzhou Zhu, Hongjie Dai na wenzao wa Stanford walitangaza katika jarida la Nature kwamba betri ya ukoo huohuo inachajika. Wala hawakuwa wakilitafuta hilo. Siri ilikuwa kaboni yenye vitundu vidogo mno: klorini inayotoka kwenye chumvi wakati wa kuchaji inajibanza humo, ikingoja kutumika tena.

Lakini chumvi ile haifunguki kirahisi; umeme unaoingia ni mwingi kuliko unaorudishwa, na gesi nyingine inaponyoka. Hapo ndipo neno la Berzelius linapoingia kazini. Maabara mbalimbali sasa zinapandikiza naitrojeni au chembe za metali ndani ya kaboni, ili ishike klorini vizuri zaidi na kuilegeza chumvi kwa nguvu kidogo.

Betri ya 2021 ilichajiwa mara 200. Kwa simu inayochajiwa kila usiku, hiyo haifiki miezi saba.