Sikio la Barabara ya Zambia

Kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, fundi wa zamani wa difu, yaani gia za nyuma zinazosukuma magurudumu, alianza na maswali, spana ikafuata baadaye sana. Lori linalia ukikanyaga mafuta au ukiachia? Lina mzigo au tupu? Kwenye kona sauti inabadilika? Ukikanyaga klachi inakatika au inaendelea? Dereva mzoefu alikuja na majibu yake tayari. Asiye mzoefu aliambiwa apande, fundi akakaa upande wa utingo, wakaenda kulisikiliza pamoja mpaka nje ya mji na kurudi.

Kazi hiyo nilijifunzia Iringa, chini ya mzee mmoja aliyeanza ujana wake kwa kushika taa na kuosha vyuma katika karakana ya malori ya Kiitaliano. Watu walimwita mganga. Mwenyewe hakupenda sifa hiyo, na mimi pia siipendi, kwa sababu inaficha jambo. Sikio la mafundi wa barabara hii lilitengenezwa na mambo matatu yanayojulikana: siasa, mlima na ukosefu wa vipuri.

Tuanze na siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia, iliyokuwa imejitawala kwa mwaka mmoja tu, ilikuwa ikitoa shaba yake na kuingiza mafuta yake kwa reli iliyopita katika nchi hiyohiyo ya Smith. Desemba mafuta yalipokatika, ndege zikaanza kuyabeba kwa mapipa, na malori yakaelekezwa bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, mali ya serikali mbili pamoja na wabia wa Kiitaliano, na Fiat zenye matela zikaingia barabarani kwa mamia. Kwenda zilipeleka mafuta, kurudi zilileta shaba.

Sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa ya udongo. Masika ilikuwa utelezi, kiangazi vumbi lilimficha aliyekutangulia. Wazungu walioendesha humo waliibandika jina la Njia ya Jehanamu, na hawakutia chumvi: malori yalipinduka, madaraja yalizidiwa, na vyuma ambavyo kiwandani vilipangiwa lami vilisaga changarawe mchana na usiku. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968, kilomita 1,710 mpaka Ndola, lilipunguza mapipa. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakabidhiwa mwaka 1976. Malori hayakuondoka. Yalikuwa yameshazaa gereji kando ya barabara, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, na gereji zilikuwa zimeshazaa mafundi.

Mlima nao ni Kitonga. Anayeupanda akielekea Iringa amebana gia ndogo, na injini inasukuma upande mmoja wa kila jino la krauni, gia kubwa ya difu. Anayeushuka akiwa na shaba ameachia mafuta ili injini imzuie. Sasa magurudumu ndiyo yanayosukuma injini, na meno yaleyale yanabeba mzigo kwa mgongo wake. Lori linalopita hapo kila safari lina difu lenye nyuso mbili, na kila uso una sauti yake. Likilia kwa kupanda tu, mzee alisema, tazama uso wa mbele wa meno na jinsi piniani, gia ndogo inayoizungusha krauni, ilivyokaa. Likilia kwa kushuka tu, tazama mgongo wa meno, halafu shika flenji ya piniani uone kama inacheza. Likilia kote kote, usitafute meno kwanza, tafuta beringi.

Kutoka hapo masomo yaliendelea kwa mpangilio usiobadilika. Mvumo unaopanda na mwendo wa lori, hata ukibadili gia namna gani, unatoka nyuma ya giaboksi: propela (shafti iendayo kwenye difu), difu au habu. Unaobadilika kila ukibadili gia unatoka ndani ya giaboksi. Mlio unaokuja kwenye kona tu, na barabara ikinyooka unanyamaza, mara nyingi ni gia ndogo za katikati ya difu, kwa sababu ni kwenye kona ndipo zinapofanya kazi hasa. Kishindo kimoja wakati wa kuondoka, ni krosi, kiungo cha propela, iliyolegea au meno ya shafti yaliyolika. Na mlio wenye mpigo, tak, tak, tak, unahesabiwa: ukiendana na mzunguko wa gurudumu, jino lililovunjika liko kwenye krauni, ukienda haraka zaidi, sawa na propela, liko kwenye piniani.

Baada ya sikio ilikuja mikono. Bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa sikio, inatenganisha beringi nzima na beringi inayokufa. Oili inamwagwa kwenye chombo safi na kuangaliwa juani: unga mweupe unaong'aa ni chuma cha meno au beringi, vipande vya njano ni shaba ya giaboksi. Meno ya krauni yanapakwa rangi nzito na kuzungushwa, na alama inayobaki inaonyesha kama yanakutana katikati, kwenye kisigino au kwenye ncha. Ubano wa piniani ulipimwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye flenji na kuvutwa kwa mizani ya springi ya kupimia samaki.

Ustadi huo usingekomaa kiasi hicho kama vipuri vingekuwepo. Vita vya Kagera, vilivyoanza mwaka 1978, viliikuta nchi ikiwa tayari na shida ya fedha za kigeni, na viliiacha haina kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupata beringi ya piniani ilikuwa habari ya barua, vibali na kusubiri. Gasketi zilikatwa kwenye makaratasi magumu ya maboksi, oili ilichujwa kwa kitambaa na kurudishwa. Palipokosekana oili nzito ya difu watu walitia ya injini, na meno yakachubuka, kwa kuwa meno ya krauni yanasuguana kwa mtelezo mkali na yanahitaji oili yenye dawa yake.

Kosa la gharama zaidi lilikuwa kuchanganya. Krauni na piniani husagwa pamoja kiwandani na kugongwa namba moja, ni mume na mke. Mwenye shida alichukua krauni ya lori moja bovu na piniani ya jingine, akazifunga, na kuanzia siku hiyo difu lililia mpaka lilipokufa. Wajanja waliouza magari ya namna hiyo walitia unga wa mbao ndani ya oili ili mlio ufe kwa siku chache. Ndiyo maana mzee hakununua kitu wala kushauri mtu anunue kabla ya kuchovya kidole kwenye oili.

Katika hali kama hiyo, kufungua difu kwa kubahatisha lilikuwa jambo la hatari. Ukilifungua unaharibu gasketi usiyo nayo na kumwaga oili usiyoweza kuipata tena. Kwa hiyo ulisikiliza mpaka ukawa na hakika, kisha ukafungua mara moja.

Nitasimulia lori moja, kwa sababu mlio wake ulikuwa wa ajabu na linaonyesha kazi yote ilivyokuwa. Dereva wake, kijana wa Makambako, alikuja amechoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Linalia wapi?"

"Nyuma, mzee. Nikiwa tupu linanguruma, sahani za dashibodi zinatetemeka. Nikipakia linanyamaza."

"Difu limeshafunguliwa?"

"Mara mbili. Beringi zote mpya."

Mzee hakulala chini ya lori. Alisimama mbali, akaliangalia kwa ubavu, akauliza nani aliongeza springi. Mwenye lori, kama wengi wa barabara hii, alikuwa ameongeza vipande vya springi nyuma ili abebe zaidi ya tani alizoruhusiwa. Tupu, lori lilisimama juu kama mbuzi anayetaka kupiga pembe, na propela ikashuka kwenda difu kwa pembe kali. Lilipopakiwa, mgongo ulishuka na propela ikanyooka.

Krosi ina tabia ambayo Robert Hooke, Mwingereza wa karne ya 17, aliieleza katika miaka ya 1670. Shafti inayosukuma ikizunguka kwa mwendo sawa, ile inayosukumwa kupitia krosi iliyopinda huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko, na kadiri pembe inavyozidi ndivyo kusitasita kunavyozidi. Dawa yake ni krosi ya pili upande wa pili wa propela, yenye pembe sawa na iliyofungwa ikitazamana na ya kwanza, ili inachoharibu moja kisawazishwe na nyingine. Mzee hakuwahi kusikia jina la Hooke. Aliniambia nifute tope kwenye propela nitafute alama mbili za patasi. Nilizikuta, na hazikutazamana. Waliofungua difu waliivuta propela pale inapoteleza ndani ya mwenzake, na walipoirudisha waliikosea kwa meno machache. Krosi mbili zilizopaswa kurekebishana sasa zilikuwa zinashirikiana kuharibu.

Tuliichomoa propela, tukalinganisha alama, tukaondoa vipande vya springi vilivyozidi, na mwenye lori akalalamika kuhusu tani zake. Difu, lenye beringi mpya zisizo na hatia, halikuguswa. Mngurumo uliisha.

Hali ilibadilika kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na zaidi baada ya mageuzi ya uchumi ya 1986. Vipuri vilivyotumika vikaja kwa makontena kutoka Dubai na Japani, na Gerezani, Dar es Salaam, ukaweza kununua difu zima na kulifunga mchana huohuo. Kwa mwenye lori linalosubiriwa bandarini hiyo ilikuwa neema, na sina sababu ya kuililia enzi ya maboksi na vibali. Lakini fundi naye akabadilika. Sauti ikitoka nyuma, difu linashushwa, jingine linapanda. Sauti ikibaki, propela inafuata, kisha habu, kila hatua kwa fedha ya mteja.

Siku hizi malori ya Ulaya na ya China yana kompyuta, na kijana anachomeka mashine yake anasoma kasoro za injini vizuri kuliko sisi tulivyowahi. Mashine hiyo haisemi lolote juu ya krosi iliyofungwa kombo, wala beringi ya habu inayoanza kuvuma. Kwenye vyuma vya nyuma kipimo bado ni kilekile cha miaka ya 1960: mtu, barabara, na maswali manne.

Na maswali hayo yanafundishika. Mzee wangu alijifunza kwa kuwa kila kosa liligharimu mwezi wa kusubiri. Mwanafunzi wa leo hana haja ya kupitia shida hiyo. Anaweza kurekodi kwa simu mlio wa beringi mbovu kabla haijatolewa, akaandika mwendo, mzigo na gia, kisha akaandika kilichokutwa ndani. Mtihani wa ufundi wa magari ungeweza kumpa mtahiniwa lori linalolia na kumkataza kugusa boliti mpaka ataje kilipo chanzo na sababu yake. Chuo chochote chenye simu moja na malori mabovu matatu kinaweza kuanza Jumatatu.